H-indeksi 31 haijaniambia kitu bado

Wiki hii nimetumiwa tena CV mbili za watafiti nizipime, na aliyenitumia kaandika mstari mmoja tu: huyu ana h-indeksi (namba ya kumpima mtafiti kwa jinsi pepa zake zinavyotajwa na wenzake) 31, yule 14, kwa hiyo jibu tunalo. Hatuna. Nimechoka kulisikia hili kutoka kwa watafiti wa tiba, watu ambao hawawezi kumwanzishia mgonjwa dawa kwa kipimo kimoja cha maabara bila kumgusa wala kumuuliza anaumwa nini.

H-indeksi kaileta Jorge Hirsch, mwanafizikia, mwaka 2005. Ukiwa na pepa 14 ambazo kila moja imesaitiwa, yaani imetajwa kwenye pepa za wengine, angalau mara 14, we ni 14, basi. Sasa chukua watu wawili wenye pepa kumi kumi, mmoja zote zimesaitiwa mara 10, mwenzake tisa mara 10 na moja mara 4,000 kwa sababu imebadilisha matibabu. Wote ni 10! Tena namba yenyewe haishuki, hata mtu akistaafu inaweza kuendelea kupanda, kwa hiyo mara nyingi unachopima ni miaka aliyokaa kwenye fani. Na ukilinganisha, tumia chanzo kimoja cha kuhesabia, maana Google Scholar inaokota mpaka tesisi na namba zake huwa juu kuliko za Scopus, hifadhidata nyingine ya pepa.

Ila kinachonikera hasa ni hii imani kwamba kusaitiwa ni kusifiwa. Saitesheni inasema umetajwa, haisemi kwa nini. Juzi nilichukua pepa yangu inayosaitiwa zaidi nikafungua waliotutaja, mmoja baada ya mwingine. Wengi wametuweka aya ya kwanza kabisa, kwenye ile sentensi ya "ugonjwa huu bado ni tatizo kubwa", namba tano za marejeo zimepangwa kwenye mabano na sisi ni ya tatu. Mmoja kaandika kwamba dawa ilipunguza vifo wakati sisi tuliandika wazi kuwa haikupunguza, niliirudia sentensi yake mara tatu nikidhani nimesoma vibaya. Wachache sana ndo walichukua njia yetu wakaijaribu kwa wagonjwa wao, na hao wachache ndo sababu naamka asubuhi kufanya kazi hii. Kwenye hesabu wote ni moja, moja, moja.

Ile pepa ya Wakefield ya 1998 kwenye jarida la tiba la Lancet, watoto 12, iliyofanya watu waogope chanjo ya surua, ilifutwa 2010 na bado imesaitiwa maelfu ya mara, wengi wakiitaja ili kuipinga. Namba haijui hilo. Na pepa ya Lowry ya 1951, ya kupima protini, imepita saitesheni 300,000 kwa sababu ni njia ambayo kila maabara iliitumia. Kazi muhimu, naiheshimu, lakini nani atasema inaishinda ya umbo la DNA ya 1953 kwa kuwa imetajwa zaidi?

Impakti fakta, wastani wa saitesheni kwa kila pepa ya jarida, nisiipotezee muda. Jarida la Acta Crystallographica A lilitoka kama 2 likaruka mpaka karibu 50 mwaka 2009, kisa pepa moja ya Sheldrick iliyosaitiwa mno. Wengine waliochapisha mule hawakuwa bora ghafla.

Angalia pia jina limekaa wapi kwenye orodha ya waandishi wa pepa. Kwenye tiba wa kwanza kwa kawaida ndo kafanya kazi, wa mwisho kaiongoza, wa katikati kwenye jaribio lenye waandishi 80 anaweza kuwa kaleta sampuli tu, na saitesheni zote zinamwingilia sawasawa.

Nisidanganye lakini, nikiletewa maombi 60 na siku mbili, macho yangu yanaenda kwenye namba kwanza. Na kusoma nako kuna upendeleo wake, najua nawapenda wanaoandika kama mimi, na sijapata dawa ya hilo. Kuna siku nafikiri namba, na ubovu wake wote, inamlinda mtu asiyejulikana na yeyote.

Kwa hawa wawili nimeomba kila mmoja achague pepa zake tatu mwenyewe. Nimeanza na wa 14, yeye ndo jina la kwanza, niko ukurasa wa nne na kwenye jedwali la pili kuna wagonjwa waliokatisha dawa ambao wengi wangewaficha, yeye kawaeleza mmoja mmoja.