Matumizi ya serikali yanayotarajiwa: yanavyoigusa kaya kabla fedha haijatoka

Mei 1, 2025, kwenye sherehe za Mei Mosi mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Siku ile hakuna aliyepokea hata senti. Lakini mchukulie mhudumu wa ofisi aliyeisikia habari hiyo redioni. Jioni anapita dukani, anachukua mchele kilo tano badala ya mbili, anasema, "Mangi, niandikie, mwezi wa saba tutaelewana." Mangi naye kasikia redio. Anaandika.

Hiyo ndiyo dhana yenyewe. Matumizi yanayotarajiwa ni fedha ambazo watu wanaamini serikali itazitoa huko mbele, ziwe mishahara, ruzuku ya mbolea au ujenzi wa barabara. Kaya hupanga kwa kilichomo mfukoni, na pia kwa kinachokuja na kitakachodaiwa.

Hapo kwenye kudaiwa ndipo penye uzito. Serikali hutumia kodi, au hukopa kisha ikalipa kwa kodi. Kwa hiyo anayeona fungu litamfikia hulegeza mkono, na anayeona atakayebebeshwa ni yeye huukaza. Mwaka 1820 mwanauchumi Mwingereza David Ricardo aliligusa jambo hili, na mwaka 1974 mwanauchumi Mmarekani Robert Barro akalijengea hoja kamili: serikali ikikopa badala ya kutoza kodi leo, watu wanaowaza mbali hawatajiona wameneemeka, wataweka akiba ya kulipia kodi ya kesho.

Ni hoja nzuri, ila inamtaka mtu awe na cha kuweka. Mama wa genge anayeishi kwa mauzo ya siku hapunguzi unga wa leo kwa ajili ya kodi ya miaka kumi ijayo. Wala hawezi kuila leo barabara itakayojengwa mwakani, kwa kuwa hakuna benki itakayomkopesha kwa kuitegemea. Mtumishi wa umma ana njia. Nchini Tanzania makato hayatakiwi kumwacha na chini ya theluthi moja ya mshahara, hivyo mshahara ukipanda, mkopo anaoweza kuchukua nao hupanda. Ndiyo maana tangazo lile lile huamsha nyumba moja na kuiacha ya jirani ilivyo.

Au huibana kabisa. Mwenye nyumba akisikia mishahara inapanda, akaongeza kodi ya vyumba vyote, fundi cherehani wa chumba cha pili ataanza kulipa zaidi hata kabla ya Julai, naye hayumo kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Atakachopunguza ni nyama ya Jumapili.