Watoto wa kasa hawawekwi kwenye beseni la maji

"Tuwaweke kwenye beseni usiku huu wapate nguvu, kesho asubuhi tutawaachia." Maneno haya husikika Unguja na Pemba kila kiota kinapoanguliwa, na hakuna ushauri unaoua watoto wa kasa kimyakimya kama huu. Beseni la maji haliwapi nguvu. Linawamalizia.

Mtoto wa kasa hutoka na chakula chake tumboni, nacho ni kiini cha yai kilichobaki. Mpindue taratibu umtazame: aliye tayari ana tumbo bapa na mstari mwembamba uliofumba katikati. Ambaye bado hajawa tayari ana kidonge cha manjano kimening'inia pale pale. Akiba hiyo ndiyo inayomfukua kutoka shimoni, kazi ya siku kadhaa, kisha ndiyo ya kumvusha mwamba. Akigusa maji huogelea mfululizo kwa takriban saa 24 ili afike maji makuu, mbali na chewa, kolekole na pweza wa pwani. Mwili wake hautofautishi bahari na beseni. Ukimtia majini saa 2 usiku, mpaka alfajiri amekwishapiga mikono kwenye ukuta wa plastiki usiku kucha. Asubuhi unamwachia kiumbe wa gramu 25 hivi aliyechoka, mchana kweupe, kunguru wakiwa juu na samaki wakiwa chini. Kwa kuwa anafia mbali na macho ya watu, wote huamini amefika salama.

Ikibidi kuwashika, kwa mfano wametoka mchana au wamepotea barabarani, tumia ndoo au boksi lisilo na maji. Tandika mchanga mbichi wa vidole viwili, wapange bila kurundikana, funika kwa kitambaa kilicholowa, uweke kivulini penye giza na utulivu. Wenye kidonge cha manjano wasiguswe tumboni. Wabaki kwenye mchanga mbichi mpaka kinywewe chote. Wenye tumbo bapa waachiwe usiku huo huo mchanga ukishapoa, maji yakiwa yamejaa ukiweza kuchagua, maana pwani za mashariki yakipwa wana safari ndefu ya mawe na kaa.

"Mbebe umtie baharini, umpunguzie safari." Hapana. Mweke mchangani mita 5 hadi 10 kutoka majini atambae mwenyewe. Hapo ndipo anaposhika mwelekeo. Kazi yako ni kufukuza kaa na kusawazisha nyayo za watu, ambazo kwake ni mashimo.

"Mmulike aone njia." Usiku yeye hufuata upande wenye mwanga, na kwa asili upande huo ni bahari. Taa ya hoteli, tochi ya simu na kamera humgeuza arudi nchi kavu. Zimeni taa zinazotazama ufukwe. Anayelazimika kuona atumie tochi nyekundu, tena kwa nyuma yao.

"Hawatikisiki, wamekufa, tuwafukue." Mchanga wa juu ukiwa moto, watoto walio chini yake hutulia wakisubiri upoe. Subirini siku 3 baada ya kundi kubwa kutoka ndipo kiota kifukuliwe.

"Tutamfuga, tutampa mkate na mwani." Sheria za uvuvi za Zanzibar zinamlinda kasa, hilo la kwanza. La pili, mkate si chakula chake, na kasa wa majani mdogo hali majani kama mkubwa. Wakibanwa pamoja hung'atana mikono, na vidonda huota ukungu. Bwawa la Mnarani kule Nungwi, wanakofugwa kasa, lisikudanganye: maji yake hujaa na kupwa na bahari. Tangi lako halifanyi hivyo.

Na mayai: kama kiota kitafikiwa na bamvua, ita wanaolinda kasa kijijini mapema. Yai huhamishwa ndani ya saa 2 za kutagwa, upande wa juu ukibaki juu, na shimo jipya liwe na kina kile kile. Likichelewa, kiinitete kimeshajishikiza ndani ya ganda. Ukiligeuza kinakatika na kufa.