Aina za safuwima za tarehe na saa kwenye hifadhidata: maana yake na jinsi ya kuchagua

Aina ya safuwima ndiyo inayoieleza hifadhidata ni thamani gani ziruhusiwe kuingia, zikae kwenye baiti ngapi, zipangweje na zifanyiwe hesabu gani. Kwa majina na idadi, kuchagua ni kazi nyepesi. Kwa tarehe na saa kuna mtego, kwa sababu maandishi yaleyale, tuseme 2024-07-01 12:00, yanaweza kuwa na maana tatu tofauti, na hifadhidata haina njia ya kujua wewe ulikusudia ipi.

Maana ya kwanza ni nukta ya wakati: tukio lililotokea mara moja, kwa dunia nzima kwa pamoja. Malipo yamepokelewa, mtumiaji ameingia, seva imezimika. Watu wa kanda tofauti za saa wataisoma nukta hiyo kwa tarakimu tofauti, lakini tukio ni lilelile. Maana ya pili ni tarehe ya kalenda isiyo na saa, kama siku ya kuzaliwa au siku leseni inapokwisha. Ya tatu ni saa ya ukutani, yaani saa inavyosomeka mahali fulani: kikao kitaanza saa 14:00 kwa saa za London, ofisi hufunguliwa saa 08:00 popote ilipo.

Ukishajua safuwima yako ina maana ipi kati ya hizo, aina karibu inajichagua yenyewe. Makosa mengi ya tarehe yanayoonekana kwenye mifumo huanzia hapo, mtu anapokimbilia kuandika jina la aina kabla ya kujiuliza anahifadhi nini.

Kwa nukta ya wakati, chagua aina inayojua ukanda wa saa. Kwenye PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, ni timestamptz, jina fupi la timestamp with time zone. Jina hilo huwapotosha wengi, maana hudhani kwamba ukanda wa saa unahifadhiwa pamoja na thamani. Hauhifadhiwi. Hifadhidata hupokea thamani, huigeuza kuwa saa ya UTC (saa ya pamoja ya dunia inayotumika kama kipimo cha kanda zote), huiweka kwenye baiti 8, na inapoitoa huigeuza tena kufuata ukanda wa muunganisho unaouliza. Tazama kwa karibu:

SET TIME ZONE 'Asia/Tokyo';
INSERT INTO malipo (yamepokelewa) VALUES ('2024-07-01 12:00:00');

SET TIME ZONE 'Europe/London';
SELECT yamepokelewa FROM malipo;
2024-07-01 04:00:00+01

Saa sita mchana ya Tokyo ni 03:00 kwa UTC, na London mwezi wa Julai iko saa moja mbele ya UTC, kwa hiyo inasoma 04:00. Hakuna kilichopotea isipokuwa habari kwamba aliyeandika alikuwa Tokyo. Kama habari hiyo ina umuhimu kwenye kazi yako, iwekee safuwima yake.

Sasa fanya jambo hilohilo kwa timestamp tupu, ile isiyo na ukanda. Ukiipa '2024-07-01 12:00:00+09', PostgreSQL inaitupa ile +09 kimyakimya na kuhifadhi 12:00:00. Haitoi kosa wala onyo. Miezi sita baadaye, saa hiyo 12:00 haina wa kuieleza ni ya wapi. Huu ndio ubaya mkubwa wa aina hii inapotumiwa kwa matukio: data inaonekana nzima, tarakimu zote zipo, lakini maana imeshavuja. Baiti ni 8 zilezile, kwa hiyo hata nafasi hukuiokoa.

MySQL ina majina yanayofanana lakini tabia zake zimegeuzwa. Huko TIMESTAMP ndiyo inayogeuza kwenda UTC na kurudi, kwa kufuata time_zone ya muunganisho. DATETIME huhifadhi tarakimu kama zilivyoandikwa. Kwa maana hiyo TIMESTAMP ndiyo ya matukio, ila ina ukomo: inaanzia 1970-01-01 00:00:01 na kuishia 2038-01-19 03:14:07 kwa UTC, kwa sababu inahesabu sekunde ndani ya baiti 4. Mkopo wa miaka 20 unaosajiliwa leo unavuka ukomo huo. DATETIME inafika mwaka 9999 na, tangu toleo la 5.6.4, inachukua baiti 5 kabla ya visehemu vya sekunde. Ndiyo maana timu nyingi hutumia DATETIME na kujiwekea sharti kwamba kila kinachoingia ni UTC. Mpango huo unafanya kazi vizuri iwapo sharti linasimamiwa sehemu moja, mfano kwa kuweka time_zone = '+00:00' kwenye kila muunganisho. Likiachwa kwenye kumbukumbu ya kila mwanaprogramu, siku moja atatokea mmoja atakayeita NOW(), yaani saa ya sasa, kwenye muunganisho wenye saa za mahali, na safu zake (mistari ya jedwali) zitachanganyika na za wengine bila alama yoyote ya kuzitenganisha.

Kwa SQL Server, chaguo la nukta ya wakati ni datetimeoffset, ambayo tofauti na ya PostgreSQL huhifadhi kweli ile tofauti ya saa kutoka UTC. Datetime2 hutosha kama umeamua kila kitu kiwe UTC. Ile datetime ya zamani haifai kwa jedwali jipya: inaanzia mwaka 1753 na hukadiria milisekunde hadi tarakimu za mwisho 0, 3 au 7, kiasi kwamba 23:59:59.999 hugeuka kuwa saa 00:00 ya siku inayofuata. Na tahadhari: kwenye SQL Server, aina iitwayo timestamp haihusiani na saa kabisa, ni namba ya toleo la safu, inayobadilika kila safu inapoguswa. Oracle nayo ina DATE inayobeba saa, dakika na sekunde ndani yake, jambo linalowashangaza wanaolinganisha tarehe mbili za siku moja na kukuta hazilingani. SQLite haina aina ya tarehe; unachagua kati ya maandishi ya mtindo wa ISO 8601 (mwaka-mwezi-siku, kama 2024-07-01), namba nzima ya sekunde tangu 1970, au siku za Julian (hesabu ya siku mfululizo tangu zamani) kwa namba ya desimali. Maandishi ya ISO ndiyo rahisi kukagua kwa macho, mradi yote yaandikwe kwa umbo moja.

Kwa tarehe ya kalenda, tumia DATE na usiende mbali zaidi. Siku ya kuzaliwa iliyowekwa kwenye timestamptz ni kosa la kawaida sana. Mtu aliyezaliwa 1990-06-15 anaandikishwa kama saa 00:00 ya siku hiyo kwenye ukanda wa +03, hifadhidata inaigeuza kuwa 1990-06-14 21:00 UTC, na ripoti inayotolewa kwa UTC inamzalisha siku moja kabla. Kosa hili halionekani wakati wa majaribio, kwa kuwa kompyuta ya mwanaprogramu na seva yake ya majaribio mara nyingi ziko ukanda mmoja.

Saa ya ukutani ndiyo yenye kuhitaji fikra zaidi, hasa ya siku zijazo. Ushauri wa "hifadhi kila kitu kwa UTC" umeenea sana, na kwa matukio yaliyokwisha kutokea ni ushauri mzuri. Kwa miadi ya mwakani si mzuri. Sababu ni kwamba uhusiano kati ya saa ya mahali na UTC unaamuliwa na serikali, na serikali hubadili uamuzi. Uturuki iliamua mwaka 2016 kubaki na saa za kiangazi (saa zilizosogezwa mbele kwa saa moja) mwaka mzima. Samoa ilihama upande wa mstari wa tarehe mwishoni mwa 2011, na siku ya tarehe 30 Desemba haikuwepo kabisa huko. Kama uliigeuza miadi ya saa 14:00 kuwa UTC kwa kanuni za leo, na kanuni zikabadilika kabla ya siku kufika, mfumo utamwita mtu saa 13:00 au 15:00, wakati yeye alichokubali ni saa 14:00 ya ukutani kwake.

Kwa hiyo miadi ihifadhiwe kwa vipande viwili: saa ya mahali kwenye aina isiyo na ukanda (timestamp ya PostgreSQL, DATETIME ya MySQL), na jina la ukanda kwenye safuwima ya maandishi, mfano 'Europe/Istanbul'. Liwe jina kamili, lisiwe '+03:00'. Tofauti ya saa ni picha ya siku moja tu. Jina ndilo linalobeba kanuni zote za mahali, na kanuni hizo huja na sasisho la kanzi ya kanda za saa iitwayo tzdata. Unaweza kuongeza safuwima ya tatu yenye nukta ya UTC iliyokokotolewa, ili kutuma vikumbusho kuwe rahisi, lakini ichukuliwe kuwa ni nakala inayokokotolewa upya kila tzdata inaposasishwa.

Kusogezwa kwa saa kunaleta na shida nyingine mbili ambazo ni vizuri kuziona kwa tarakimu. New York, tarehe 3 Novemba 2024, saa ziliporudishwa nyuma, 01:30 ilipita mara mbili: mara ya kwanza ikiwa 05:30 UTC, mara ya pili 06:30 UTC. Ukiwa umehifadhi saa ya mahali tu, huwezi kujua ni ipi, na kazi iliyoanza 01:50 ikaisha 01:10 itaonekana imechukua muda hasi. Kinyume chake, tarehe 10 Machi 2024 huko huko, saa ziliposogezwa mbele, 02:30 haikuwepo. MySQL ikiwa katika hali kali (strict mode) huikataa thamani hiyo kwenye TIMESTAMP, na PostgreSQL huisogeza kuwa 03:30 bila kusema neno.

Muda ambao kitu huchukua, kama dakika za video au saa za zamu, si saa ya siku. Uweke kama namba nzima ya sekunde, au interval kwenye PostgreSQL. TIME ya MySQL inaukubali, ila inakomea 838:59:59.

Vipi kuhusu kuhifadhi nukta za wakati kama namba, sekunde tangu 1970? Inawezekana, na haina utata wa ukanda. Hasara yake ni kwamba hakuna anayeweza kuisoma bila kuigeuza, na hifadhidata haiwezi kukuzuia kuchanganya vipimo. Namba 1700000000 ikisomwa kama sekunde ni 14 Novemba 2023. Ikisomwa kama milisekunde ni 20 Januari 1970. Ukikuta tarehe nyingi zimerundikana Januari 1970, shuku hapo kwanza. Kama lazima utumie namba, tumia BIGINT (namba nzima ya baiti 8) na uweke kipimo ndani ya jina la safuwima, mfano imeundwa_ms.

Ukihifadhi tarehe kwenye VARCHAR, yaani safuwima ya maandishi, huna cha kukutetea. '10/3/2024' itapangwa kabla ya '9/3/2024', '30/02/2024' itaingia bila kukataliwa, na '03/04/2024' itasomwa kama Aprili na mmoja, kama Machi na mwingine.

Usahihi nao una mitego yake. DATETIME ya MySQL isiyo na mabano haihifadhi visehemu vya sekunde, na haivikati bali huvikadiria: 23:59:59.7 inakuwa kesho saa 00:00:00. Andika DATETIME(3) kwa milisekunde au DATETIME(6) kwa maikrosekunde. PostgreSQL huhifadhi maikrosekunde bila kuambiwa, lakini Date ya JavaScript inaishia kwenye milisekunde. Programu ikisoma thamani, ikaikata, kisha ikaomba safu ambazo safuwima yake ya imeundwa (saa safu ilipoundwa) ni kubwa kuliko hiyo, safu ya mwisho itarudi tena kwenye ukurasa unaofuata. Tiba ni kupunguza usahihi wa safuwima kuwa timestamptz(3), au kuongeza kitambulisho cha safu kwenye ulinganisho.

Aina uliyochagua inaamua pia namna ya kuuliza. BETWEEN '2024-05-01' AND '2024-05-31' ni sahihi kwa DATE, ila kwa safuwima yenye saa inaishia saa 00:00 ya tarehe 31 na kuiacha karibu siku nzima ya mwisho nje. Andika hivi:

WHERE yamepokelewa >= '2024-05-01' AND yamepokelewa < '2024-06-01'

Umbo hili linafanya kazi kwa aina zote, halijali visehemu vya sekunde, na linaiacha faharasa ya safuwima (orodha inayoharakisha utafutaji) itumike. Ukiifunika safuwima kwa DATE(yamepokelewa), faharasa ya kawaida haisaidii tena. Kumbuka tu kwamba kwa timestamptz, mwanzo wa '2024-05-01' unasomwa kwa ukanda wa muunganisho, hivyo ripoti ya mwezi itaje ukanda wake waziwazi.

Kama jedwali limeshajaa kwa aina isiyofaa, usibadilishe kwa amri fupi. Kwenye PostgreSQL, kuhamisha timestamp kwenda timestamptz bila maelezo kutazichukulia thamani zote kuwa za ukanda wa muunganisho wako wa siku hiyo. Kwanza thibitisha thamani ziliandikwa kwa saa ya wapi, kwa kulinganisha safu chache na kumbukumbu za seva au risiti zenye saa inayojulikana. Kisha utamke:

ALTER TABLE malipo
  ALTER COLUMN yamepokelewa TYPE timestamptz
  USING yamepokelewa AT TIME ZONE 'UTC';

Badala ya 'UTC' weka ukanda ulioandikia data. MySQL hali ni hiyohiyo unapotoka DATETIME kwenda TIMESTAMP: weka kwanza SET time_zone inayolingana na data, ndipo ubadilishe, na uhakikishe hakuna safu iliyovuka 2038. Kabla ya kuanza, nakili safuwima ya zamani kwa jina jingine na uiache mpaka ripoti za mwezi mzima zitakapolingana.