Kabla Hujalilaza Gari: Yanayosemwa Kuhusu Saspensheni na Yaliyo Kweli

"Fundi, nataka ilale." Yaani gari lishushwe, bodi ikae karibu na ardhi.

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi katika gereji za Shabaab na Industrial Area hapa Nakuru. Anayeyasema kwa kawaida ni kijana aliyenunua Subaru Impreza yake ya kwanza juzijuzi na bado anaiosha kila Jumamosi. Namwelewa, maana kulipenda gari ni jambo jema. Lakini ukimpa nafasi aeleze, utagundua anataka gari litakalotulia akiteremka Sachangwan na lisilomyumbisha kwenye kona za mashamba ya chai ya Kericho. Kulala chini ni jambo moja, kushika barabara ni jingine, na katika barabara zetu mambo hayo mawili huvutana mara nyingi kuliko yanavyopatana.

"Likishuka, linashika"

Kuna ukweli ndani yake, ndiyo maana dhana hii haifi. Kitovu cha uzito kikishuka, uzito unaohamia magurudumu ya nje kwenye kona hupungua. Tatizo ni kiasi. Kitovu cha uzito cha sedani ya kawaida huwa karibu nusu mita kutoka ardhini. Ukilishusha gari milimita 30, umepunguza kama asilimia sita tu.

Sasa angalia ulichotoa ili kupata hiyo sita. Impreza za kizazi cha kwanza na cha pili, zile ambazo vijana wengi wanaanza nazo, zina mguu wa aina ya MacPherson kwenye magurudumu yote manne: springi na shokabsoba (shoki kwa kifupi, ile bomba inayotuliza mchezo wa springi) zikiwa nguzo moja, na mkono unaolishika gurudumu kwa chini. Katika muundo huo, mkono wa chini ukiwa karibu mlalo, mambo ni mazuri. Gari likishuka sana, upande wa mkono ulioshika gurudumu unakuwa juu kuliko upande ulioshika bodi. Hapo ile nukta ambayo bodi huizunguka inapoinama kwenye kona hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito chenyewe. Umbali kati ya viwili hivyo ndio mtaimbo unaolilaza gari ubavu, na wewe umeurefusha. Ukibaki na springi zilezile, gari lililoshushwa linaweza kuinama zaidi ya lilivyokuwa. Ndipo mwenye gari anaambiwa anunue springi ngumu zaidi, kutibu ugonjwa ulioletwa na dawa ya kwanza.

Halafu kuna nafasi ya gurudumu kupanda. Kama lilikuwa na milimita 80 za kupanda kabla ya kugonga ule mpira wa kuzuia, nawe umeshusha 40, umebakiwa na nusu. Kwenye tuta lisilochorwa, nafasi hiyo inaisha kufumba na kufumbua. Mpira ukigongwa katikati ya kona, gurudumu hilo linakuwa kama halina springi kabisa, na tairi linaachia bila kukuonya. Milimita 15 hadi 25 kwa gari la kila siku ni shusho la heshima. Kupita hapo, uwe unajua unachokifanya.

"Springi ngumu ndiyo ya spoti"

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Ugumu wa springi hupimwa kwa kilo zinazohitajika kuibana milimita moja. Chukulia kila gurudumu la mbele la gari lako linabeba kilo 350. Weka springi laini ya kilo 3 kwa milimita. Uzito wa gari utaibana karibu milimita 117. Weka springi ya kilo 8, ugumu unaoukuta kwenye koilova nyingi za dukani (zile springi na shoki zilizofungwa pamoja, zenye nati ya kurekebisha urefu), nayo itabanwa milimita 44 tu.

Nambari hizo mbili zina maana kubwa kuliko zinavyoonekana. Gurudumu likifika kwenye shimo, hakuna kinacholisukuma chini isipokuwa springi iliyokuwa imebanwa. Ile laini ina milimita 117 za kulifuata shimo kabla ya kuishiwa nguvu. Ile ngumu ina 44. Baada ya hapo tairi linaning'inia hewani, na tairi lililo hewani halipindi kona wala halifungi breki. Kwenye lami ya uwanja wa mashindano, iliyonyooka kama meza, springi ya kilo 8 ina faida tupu. Kwenye kipande chenye viraka baada ya mvua za masika, unanunua ugumu na kulipa kwa mshiko.

Kwa hesabu hiyohiyo, gari lenye springi ya kilo 3 litacheza juu na chini karibu mara moja na nusu kwa sekunde, na lile la kilo 8 karibu mara mbili na nusu. Magari ya kawaida ya familia huwa kati ya moja na moja na nusu. Ukifika mbili na nusu umeingia eneo la magari ya mbio, na mgongo wa mama yako ukimpeleka kanisani Lanet utakwambia hivyo bila kupima.

Anayesema magari ya mashindano yote ni magumu ningependa asimame kando ya njia Soysambu au Elmenteita wakati wa Safari Rally. Tangu mashindano hayo yarudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yamekuwa Naivasha, ndani ya kaunti yetu hii. Tazama yale magari yakitua kutoka angani: magurudumu yanaingia ndani kabisa, yanatoka tena, bodi imetulia. Yamejengwa yakiwa na nafasi ndefu ya gurudumu kusafiri na shokabsoba za kuimudu safari hiyo. Watu wanaotafuta sekunde kwenye mawe na vumbi la feshfeshi hawakuchagua kulaza gari.

Mimi nililipia somo hili. Seti yangu ya kwanza ilikuwa koilova za kilo 8 mbele na 6 nyuma, na duka lililoniuzia lilinihakikishia kwamba zinafaa kwa "barabara zote". Wiki ya kwanza nilikwenda Kisumu. Hadi Mau Summit nilikuwa nafurahi, lami ilikuwa nzuri. Baada ya Kericho mvua ikanyesha, na nikishuka kuelekea Awasi, kwenye kona yenye viraka ambayo nimeipita tangu utotoni, nyuma ya gari iliruka mara mbili na kukanyaga pembeni upana wa tairi zima. Sikuwa na kasi ya ajabu. Mbele yangu palikuwa na akina mama waliokuwa wakianua bidhaa zao ukingoni mwa barabara. Niliendesha kilomita arobaini hadi Kisumu bila kuwasha redio.

"Kaza springi kwa spana, itakuwa ngumu"

Hapana. Kuzungusha ile nati ya chini ya springi kunaibana kabla gari halijakaa juu yake, basi. Springi ya kawaida ya kilo 8 kwa milimita itabaki ya kilo 8 hata uizungushe hadi mkono uchoke. Kinachobadilika ni urefu wa gari, na pia namna ulivyoigawa nafasi ya gurudumu kati ya kupanda na kushuka. Mtu anayekaza ili "iwe ngumu" anainua gari na kulinyima gurudumu nafasi ya kushuka, kisha analalamika kwamba linagonga kila linapovuka tuta. Kama unataka springi ngumu, badilisha springi. Kama koilova zako zina mwili unaorekebishwa urefu peke yake, panga urefu kwa mwili huo na uiache springi.

Vivyo hivyo ile nobu ya juu ya shoki. Nyingine zina hatua 30 au zaidi, na kila kijana anataka kuizungusha hadi mwisho. Kwenye seti nyingi za bei nafuu, nobu hiyo huathiri zaidi namna shoki inavyoizuia springi kufunguka. Ukiikaza kupita kiasi, gurudumu likigonga bampu tatu mfululizo halipati muda wa kurudi chini: linapanda la kwanza, linabaki juu, linapanda la pili. Bodi inazidi kushuka mpaka inagonga mpira. Anzia upande laini, ongeza hatua mbili au tatu kila mara, na upite njia ileile unayoijua. Utaacha kabla ya kufika katikati.

"Shoki ndizo zinazobeba gari"

Springi ndizo zinazobeba. Shoki hugeuza mchezo wa springi kuwa joto, na ndiyo maana huwa za moto ukizigusa baada ya njia mbaya. Gari lililokaa chini upande mmoja lina springi iliyochoka au iliyovunjika. Shoki mpya hazitalinyanyua.

"Springi fupi tu zinatosha, hata kukata inawezekana"

Springi fupi juu ya shoki za kiwandani zilizotembea kilomita laki na nusu ni ndoa isiyodumu. Shoki ile ilitengenezwa kwa springi laini na urefu mwingine. Sasa inatakiwa kuzuia springi yenye nguvu zaidi ikiwa imejikunja karibu na mwisho wake. Ukizinunua springi, nunua na shoki zinazoendana nazo, kutoka kwa mtengenezaji mmoja ikiwezekana. Mimi ningemshauri mtu wa gari la kwanza aende moja kwa moja kwenye seti ya namna hiyo, springi za wastani na shoki zake, kabla ya koilova za bei ileile. Hazina nati za kuchezea, hazina cha kuringia, na zinadumu kwenye vumbi.

Kukata ndiko kunaniudhi. Springi yenye mizunguko sita ukitoa mmoja, inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, fupi zaidi, na ncha yake haikai tena kwenye kiti chake. Ukiinua gari kwa jeki unaweza kuikuta inacheza. Kuichoma kwa gesi hadi ilale ni kubaya zaidi, kwa kuwa moto unaondoa ile nguvu ya chuma iliyoifanya iwe springi. Fundi akikuonyesha msumeno au gesi, chukua ufunguo wako.

"Anza na saspensheni, mengine baadaye"

Sheria yetu inaruhusu kuingiza gari lililotumika lisilozidi miaka minane, na wengi wetu tunalinunua likiwa limeshapita mikono mitatu hapa nchini. Bushi, ile mipira ya kwenye maungio ya mikono ya magurudumu, zimepasuka, boljointi zinacheza, linki za stabilaiza (ile fimbo inayozuia gari kuinama kwenye kona) zinalia kokoko. Shoki mpya za bei ghali juu ya bushi zilizokufa haziwezi kufanya kazi, kwa sababu gurudumu linajipinda lenyewe kabla springi haijahisi chochote. Weka bushi kwanza. Na tairi: seti nzuri ya tairi itabadilisha gari lako kuliko koilova yoyote, tena siku ileile.

Jambo moja ambalo mafundi wengi hulipuuza, na ningependa ulisimamie mwenyewe: boliti za bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa linaning'inia kwenye jeki, mpira unashikwa ukiwa umekaa vibaya. Gari likishuka, mpira unabaki umesokotwa siku zote, na ndani ya miezi michache umechanika. Watu husema spea ilikuwa feki. Mara nyingi spea haikuwa na kosa.

Ukishamaliza hayo na bado unaona gari linainama sana kwenye kona, fikiria stabilaiza nene kidogo ya nyuma. Inapunguza kuinama bila kuongeza ugumu magurudumu mawili yakipanda tuta kwa pamoja, na Impreza nyingi za kiwandani, ambazo pua yake hupenda kuteleza nje ya kona, hunyooka kwa hilo. Usiende nene mno. Inaunganisha gurudumu la kushoto na la kulia, kwa hiyo shimo la upande mmoja utalisikia pande zote.

"Alaimenti ni ya ukinunua tairi"

Ukigusa urefu wa gari, umegusa alaimenti, yaani pembe ambazo magurudumu yamekaa. Kulala kwa tairi ndani kutaonekana kwa macho. Kinachomaliza tairi haraka zaidi ni magurudumu kutazamana au kutengana kwa mbele, na hicho hukioni. Fanya alaimenti baada ya springi mpya kutembea kidogo, si dakika ileile zinapofungwa, kwa sababu hujilaza milimita chache. Mjulishe na mtu wa bima kwamba umebadilisha.

Kwa hiyo ukitoka gereji usielekee barabara kuu kwanza. Pita Njoro Road na urudi, dirisha likiwa wazi, ukisikiliza. Siku hiyohiyo pima kwa futi urefu kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi, magurudumu yote manne, uandike. Baada ya kilomita 200 hivi pima tena, mwombe fundi apitie kila nati kwa spana, ndipo umpigie yule wa alaimenti.