Abiria wa Antaktika hawashindi vyumbani
Mtu anaweza kudhani kwamba abiria wa meli za utalii wa Antaktika hujifungia vyumbani kwa kuogopa baridi kali. Sivyo. Safari hizo hufanyika majira ya joto ya kusini, takriban Novemba hadi Machi, wakati halijoto ya pwani ya Rasi ya Antaktika huwa karibu na nyuzi 0 za Selsiasi. Kinachoamua ratiba ni upepo, barafu na zamu, maana abiria wasiozidi 100 ndio wanaoruhusiwa kuwa nchi kavu mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kabla ya kupanda boti za mpira, kila abiria husugua buti zake na kuzichovya katika dawa ya kuua vijidudu, na hata mbegu iliyonasa mfukoni huondolewa, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko baridi yenyewe, kwa kuwa mmea mgeni ukishaota huko ni vigumu kuung'oa.