Umeme wa uhakika ni nini?

Kila mtambo wa umeme una namba yake. Bwawa la Nyumba ya Mungu, kwenye mpaka wa Kilimanjaro na Manyara, ni megawati 8. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115, yaani mashine tisa za megawati 235 kila moja. Namba hiyo ni uwezo uliosimikwa: kiasi kikubwa kabisa ambacho mtambo unaweza kutoa kila kitu kikiwa sawa.

Umeme wa uhakika ni ile sehemu ya namba hiyo ambayo unaweza kuitegemea saa watu wanapouhitaji zaidi. Kwetu Moshi na Arusha saa hiyo ni usiku ukishaingia: taa, runinga, pasi za sare za shule, saluni ambazo hazijafunga. Mwenye sola ya nyumbani bila betri anaijua vizuri tofauti hii. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli ni zilezile, lakini saa mbili usiku hazichaji hata simu.

Mji unaotaka kuachana na dizeli, gesi au makaa ya mawe unaanzia hapo. Tuseme mji unatumia megawati 35 mchana na 60 saa mbili usiku. Ukifunga sola ya megawati 50, jua likiwaka sawasawa una ziada ya 15, na usiku pengo ni 60 vilevile. Ongeza betri ya megawati 15 inayodumu saa nne. Pengo linashuka hadi 45. Hizo 45 zitoke wapi? Burlington, mji wa jimbo la Vermont, Marekani, wenye shirika lake la umeme, ulifikia mwaka 2014 kupata umeme wake wote kwa nishati jadidifu, yaani isiyoisha kama maji na upepo, kwa hesabu ya jumla ya mwaka mzima, si ya kila saa. Una maji, una upepo, na una mtambo wa kuni wa megawati 50 ambao unaweza kuwashwa hata upepo ukitulia. Wapo wanaopinga kwamba kuchoma miti kuitwe nishati safi, na mimi naona hoja yao ina uzito.

Sisi tumezoea kuamini kwamba maji yanamaliza tatizo. Maji ya Nyumba ya Mungu yanatoka mito ya Kikuletwa na Ruvu, na yakishapita pale yanateremka na mto Pangani hadi Hale, megawati 21, kisha New Pangani, megawati 68. Maji yaleyale yanazalisha umeme mara tatu. Lakini kabla hayajafika bwawani yanapita kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini, kwenye mifereji ya migomba na kwenye mabomba ya watu, na hakuna mwenye haki ya kumwambia mkulima aache kumwagilia ili mimi nipige pasi. Ukame ukija, kibao cha mtambo bado kinasoma 8. Wanaoukumbuka mgao wa 2006 na ule wa 2011 wanajua mabwawa yalivyokauka. Ndiyo maana mpangaji makini huhesabu maji ya mwaka mbaya, wala si ya mwaka wa kawaida.

Umbali nao unakata. Kutoka Rufiji hadi Arusha umeme unasafiri mamia ya kilomita, na sehemu yake inapotelea kwenye nyaya. Machi 2025, akiwa Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alitaja upotevu huo alipoeleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia, kupitia Kenya, kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini. Wengi walishangaa: tumejenga bwawa kubwa kiasi kile, halafu tununue? Kwa hesabu ya uhakika kuna jambo moja zuri ndani yake. Umeme wa Ethiopia ni wa mabwawa pia, ila mvua kubwa za nyanda zao za juu hunyesha Juni hadi Septemba, miezi ambayo masika yetu yameshaisha na Kikuletwa inaanza kupungua.