Maji kwenye tundu la nanomita 10 bado ni maji

Juzi tena. Tumekaa Raskazone jioni tunapunga upepo, mdogo wangu mmoja anasoma uhandisi akaniambia, "kaka, ukifika nano zile ikwesheni za Navier-Stokes, za mtiririko wa maji na hewa, hazifanyi kazi, Knudsen namba inakataa." Jamani! Nashinda na membreni za kuchuja maji chumvi na hii kauli nimeisikia mpaka basi.

Knudsen namba, yaani umbali molekuli inaokwenda kabla ya kugonga mwenzake ukigawa kwa upana wa tundu, ni habari ya gesi. Molekuli ya hewa inakwenda karibu nanomita 70 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) kabla haijagonga mwenzake, kwa hiyo kwenye tundu la nanomita 10 inagonga ukuta kwanza, hapo kweli kontinuamu, kule kuihesabu hewa kama kitu kimoja kisicho na chembe, imekwisha. Maji hayako hivyo. Maji ni machungwa ya Muheza kwenye gunia, kila moja linagusana na wenzake muda wote, sasa huo umbali wa kusafiri utaupima wapi? Tundu la nanomita 10 linaenea molekuli kama 35 kwa upana na mnato wa kawaida, ule uzito wa maji kutiririka, unatosha kabisa kwa hesabu. Shida inaanza ukikaribia nanomita 1, molekuli tatu nne tu, zinajipanga tabaka tabaka na neno mnato linapoteza maana.

Na mtiririko kuwa mdogo sio ushahidi wa chochote. Nusu kipenyo cha tundu kikibaki nusu ya kilivyokuwa, mtiririko unashuka mara 16, hiyo ni kanuni ya Poiseuille ya mtiririko bombani, ileile ya karne ya 19.

Kinachobadilika mapema ni ukutani, na hapa ndipo watu wanapita mbio wakati ndio penye kazi. Darasani tumefundishwa maji yanayogusa ukuta yamesimama. Kwenye bomba la nyumbani sawa, nani atajua yakiteleza kidogo? Ila chukua tundu la nusu kipenyo nanomita 10 na urefu wa kuteleza (kipimo cha maji yanavyoteleza ukutani, kikiwa sifuri yamesimama) nanomita 30, mtiririko unakuwa mara 13 ya ule wa maji yasiyoteleza, na ikwesheni ni ileile, hujagusa kitu humo ndani, umebadilisha sharti la ukutani tu. Mwaka 2016 kundi la Ufaransa lilipima nanotyubu, vibomba vya kipimo cha nano, moja moja: za kaboni maji yanateleza, na kadiri tyubu inavyokuwa nyembamba ndivyo yanavyozidi kuteleza, wakati za boroni naitraidi, ambazo atomu zake zimepangwa vilevile, kuteleza hakukuonekana. Kwa nini? Kuna maelezo ya elektroni za ukuta kuyavuta maji, yanavutia, ila mi bado hayajanikaa sawasawa.

Kuna lingine linaloninyima raha zaidi. Mwaka 2005 vilitoka vipimo Marekani vya maji kwenye nanotyubu za kaboni, kasi makumi elfu ya mara kuliko hesabu, vilivyofuata vikaja na namba ndogo zaidi. Sasa angalia, tyubu ya nanomita 2, kipenyo unakianzia wapi? Ukipima toka katikati ya atomu za kaboni umeingiza sehemu ambayo maji hayafiki, toa 0.17 kila upande unabaki na 1.66, ukiipandisha kwa kipeo cha nne, kama Poiseuille anavyotaka, mtiririko wa hesabu unaanguka chini ya nusu, yaani ile "maajabu mara ngapi", kipimo ukigawa kwa hesabu, inaongezeka zaidi ya mara mbili bila tone moja kuongezeka! Kwa hiyo nikipewa ripoti ya tyubu nyembamba naanza kutafuta kipenyo kimepimwaje, na mara nyingine nafika mwisho sijakiona.

Dogo nimemwambia arudie hesabu zake, aanze na ukuta.